Mkono si fizibli

Ukurasa huu wa usalama na afya mara nyingi unazungumza juu ya kofia ngumu, viatu, miwani na maji ya kunywa. Leo nataka kuzungumza juu ya waya. Si waya wa nguvu nyingi wa usine, ule wenye kibao cha kichwa cha mfu, ambao hata mtoto anauogopa. Ni waya mdogo wa batri ya gari, wa volti 12, ambao watu wote wanasema hauwezi kumfanya mtu kitu.

Usiku mmoja wa miezi ya mvua, saa tisa, waliniletea katika dispanseri shofere wa jipu la kapita wa karieri. Mtu mzima, baba wa watoto, wa zamani kazini kuliko mimi. Aliinua mkono wake wa kuume kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Ndani ya kiganja kulikuwa mstari mweusi, upana wa kalamu, kutoka kidole cha kwanza mpaka chini ya kidole gumba. Pembeni ya mstari ngozi ilikuwa nyeupe na ngumu, na nilipomgusa pale hakusikia kitu. Ninyi msiojua kazi yetu mtafikiri ni habari njema mtu asiposikia maumivu. Hapana. Maana yake moto ulikuwa umekwisha kuchoma hata mishipa ya kusikia.

Nikamwuliza: «Baba, umeshika nini?»

«Waya, dokta.»

«Na kwa nini kuushika?»

«Ulikuwa unawaka chini ya tabulo. Nilizima butoni, haukuzimika. Niliondoa kle ya gari, haukuzimika. Sikuwa na njia ingine.»

Ndugu, jibu lile halijanitoka kichwani. Kesho yake, nilipomaliza zamu, nilikwenda garaji kutazama jipu lile. Mimi si elektrisie, lakini katika shule ya ufundi nilikaa bweni moja na vijana wa umeme, na baba yangu mdogo alikuwa makanisie, kwa hiyo najua kidogo kutazama. Juu ya bampa walikuwa wameongeza taa mbili kubwa za kumulika barabara. Waya ulitoka batri moja kwa moja, ukapita katika tundu la bati kati ya mota na shofere, ukafika butoni ya tabulo, kisha ukarudi mbele kwenye taa. Fizibli, hakuna. Rele, hakuna. Katika lile tundu hawakutia hata kipande cha mpira. Barabara zetu mnazijua. Bati lilitetemeka siku kwa siku juu ya waya, likakata plastiki yake kama kisu kisichokuwa na haraka, na usiku ule shaba ikagusa bati.

Sasa mtaona sababu ya butoni kushindwa. Waya uligusa bati kabla ya kufika butoni. Kuzima butoni ni kufunga mlango wa nyumba na mwivi amekwisha kuingia kwa dirisha. Kle ya gari nayo haikuwa na amri, kwa sababu waya haukupita kwake. Kitu kimoja tu kingeweza kukata umeme ule pasipo kuumiza mtu: fizibli karibu na batri, kijiti kidogo cha plastiki ambacho bei yake haifiki bei ya mkate. Kwa kuwa hakikuwapo, mkono wa yule baba ulifanya kazi yake.

Wengine wananiambia: volti 12 si kitu, tunagusa batri kila siku kwa mikono mitupu. Ni kweli, volti 12 hazikutupi chini. Ngozi kavu inazizuia. Lakini kinachochoma si volti, ni wingi wa umeme unaopita ndani ya chuma, ule tunaoupima kwa ampere. Batri ya jipu ikiguswa plus na mines kwa kipande cha chuma inaweza kusukuma ampere mamia. Waya mwembamba hauwezi kubeba mzigo ule, unakuwa mwekundu kwa dakika chache, hata kwa sekunde. Tena iko hatari ingine ambayo makanisie wote wanapashwa kuijua: pete. Mtu amevaa pete ya ndoa, anafungua plus ya batri kwa kle, kle inagusa bodi, pete inagusa kle. Pete inapata moto wote ule, nayo haiwezi kutoka kwa sababu kidole kinavimba hapo hapo. Mke wako hatakasirika kama pete inalala mfukoni saa za kazi. Na siku zote anza kufungua mines, maliza kwa mines wakati wa kufunga.

Turudi kwa taa. Chukua hesabu ndogo. Taa mbili za wati 100 kila moja ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampere 17. Butoni ndogo nyingi zinazouzwa sokoni zimefanywa kwa ampere 10 au pungufu. Maana yake kila usiku unabebesha butoni mzigo wa watu wawili. Mwanzoni inakuwa moto kidogo, unaigusa unasema ni joto la mota. Halafu kibati cha ndani kinachomeka, kinagusana vibaya. Mahali panapogusana vibaya ni mahali pabaya kabisa: hata umeme wa ampere 9 ukipita penye kizuizi kidogo cha ohm 0,2 unaleta wati 16 za joto katika nafasi ndogo kama punje ya hindi. Ni joto la chuma cha kuchomelea risasi, limekaa chini ya magoti yako, kati ya plastiki na vumbi.

Ndiyo kazi ya rele. Rele ni kama kapita. Shefu hasemi kwa nguvu wala habebi mzigo. Anasema neno dogo, kapita anasikia, na watu wenye mabega wanabeba. Butoni ya tabulo inatuma umeme mdogo sana, kama ampere 0,2, kwa waya mwembamba. Ndani ya rele ule umeme mdogo unafanya sumaku, sumaku inavuta kibati, na kibati kinafungua njia kwa umeme mkubwa kutoka batri mpaka taa. Umeme mkubwa unabaki mbele, chini ya kapo, kwa waya mnene na mfupi. Haupiti kamwe karibu na miguu ya mtu.

Na wale wasiojali usalama wajali basi mwanga. Waya mrefu na mwembamba unakula volti njiani. Taa za zamani zenye uzi ndani zikikosa volti 2, mwanga unapungua karibu nusu. Nimeona mashofere wakiongeza taa ya tatu kwa sababu mbili hazitoshi, kumbe zile mbili zina njaa tu.

Rele nyingi za magari zina namba zilizoandikwa chini, namba za kanuni ya Wadachi, DIN 72552, na karibu rele zote zinazouzwa huku zinaifuata. 30 inapokea umeme wa batri, baada ya fizibli. 87 inakwenda kwa taa. 85 na 86 ni za sumaku: moja inatoka butoni, moja inakwenda mines. Nyingine zina mguu wa tano katikati, 87a. Huo mguu una umeme wakati rele imelala. Kijana mmoja wa garaji alifunga taa pale, ikawaka alipozima na kuzima alipowasha, akasema rele imelogwa. Haikulogwa. Alisoma namba bila kusoma herufi.

Fizibli inachaguliwa kwa waya, si kwa taa. Waya wa milimita 2,5 unavumilia fizibli ya ampere 20. Kuzidisha ni kudanganya waya. Na mahali pake ni karibu na batri, urefu wa kiganja, kwa sababu sehemu yote ya waya iliyo kati ya batri na fizibli haina mlinzi. Kuhusu wale wanaofunga karatasi ya fedha ya sigara badala ya fizibli iliyokatika, nawaambia waje dispanseri nitawaonyesha picha. Wanajua wenyewe.

Siku hizi taa za ledi zimeingia kila mahali, na watu wanasema hazihitaji mambo haya, zinakula kidogo. Ndiyo, ndogo zinakula kidogo. Lakini ule mstari mrefu wa ledi wa wati 120 unachukua ampere 10, na hata taa ya ampere 1 waya wake ukigusa bati, batri haiulizi taa ni ya namna gani. Inasukuma yote.

Sasa nafika kwenye neno langu, ambalo labda halitawapendeza wote. Baada ya ajali ile nilisikia katika mkutano kwamba dawa ni kukataza. Pasiwe tena kitu chochote cha kuongezwa juu ya gari, na anayeongeza apewe azabu. Mimi nakataa. Wale wanaosema hivi hawashuki karieri usiku. Mashofere hawaongezi taa kwa ajili ya urembo. Shofere wa kamioni ya tani 100 amekaa juu kama mtu aliye kwenye orofa, upande wake wa kuume kuna nafasi kubwa ambayo hawezi kuona kabisa, na jipu linaingia lote katika nafasi ile. Ndiyo sababu jipu linabeba fimbo ndefu yenye bendera na girofari. Katika vumbi la Agosti au mvua ya Januari, ile taa ya rangi ya machungwa ndiyo jina lako mbele ya kamioni. Ukikataza, watu watafunga kwa siri, usiku, kwa waya wa taa ya nyumbani na skochi, na hapo kweli tutakuwa na kazi katika dispanseri.

Kosa ninaliona mahali pengine. Niliomba kuona karatasi ya magazini ya taa za jipu lile. Imeandikwa: taa mbili. Basi. Taa zilitoka magazini peke yake kama yatima: hakuna rele, hakuna fizibli na nyumba yake, hakuna waya mnene, hakuna mpira wa tundu. Kapita alisema taa ziwake kabla ya zamu ya usiku. Elektrisie wa zamu alikuwa kwenye pampu. Nani basi alifunga? Shofere mwenyewe, pamoja na rafiki, kwa vitu walivyookota. Tukimwandikia azabu yeye peke yake, tumeandika uongo.

Ninaomba kitu kimoja: taa isitoke magazini pasipo jamaa yake. Magazinie atie katika mfuko mmoja taa, rele, fizibli, metre za waya mnene zinazohitajika, mpira wa tundu na vifungo vya kubana waya. Mfuko ukipungukiwa na kitu kimoja, taa inabaki. Na elektrisie mmoja atie sahihi yake kwenye karatasi ya gari kabla halijatoka garaji. Watu watasema inachelewesha kazi. Yule baba alikaa nje ya kazi wiki nyingi, na kidole chake cha kwanza hakikunji tena vizuri kwa kuzungusha usukani. Hesabuni ucheleweshaji huo pia.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka uliotangulia mimi mwenyewe niliomba wanitie taa ndani ya ambilansi, nyuma, kwa sababu ni vigumu kutafuta mshipa wa mgonjwa kwa tochi ya telefoni. Nilimwambia kijana: «Fanya upesi, mdogo wangu.» Alifanya upesi. Alitia rele, kweli, lakini umeme wa butoni aliuchukua batri moja kwa moja, si kwa kle ya gari. Usiku mmoja nilisahau kuzima. Tulipoitwa kwa mama aliyekuwa anatoka damu baada ya kuzaa, ambilansi ilisema «ta, ta, ta» ikanyamaza. Tulisukuma, mume wake, mlinzi na mimi, katika matope, karibu dakika ishirini mpaka kwenye mteremko. Mama yuko, mtoto yuko. Lakini mume wake tukikutana sokoni ananisalimu na mimi ninakumbuka zile dakika. Kesho yake tulihamisha waya mmoja tu, ule wa butoni, tukauweka nyuma ya kle. Kazi ya robo saa. Kama ningekuwa na subira ya robo saa ile mwanzoni!

Neno juu ya taa ndogo nyekundu iliyo ndani ya butoni. Mashofere wanaiamini sana. Wanaiona inawaka, wanasema girofari inazunguka. Ile taa ndogo inajua kitu kimoja tu: kwamba butoni imebonyezwa. Rele inaweza kuwa imeoza kwa maji, fizibli imekatika, balbu imekufa, nayo inaendelea kuwaka kwa furaha. Girofari iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa girofari, kwa sababu wewe unaendesha kama mtu anayeonekana. Kabla ya kushuka karieri, simamisha gari, shuka, tazama juu kwa macho yako. Kila zamu.

Tena muangalie magari ya volti 24, yaani kamioni na masini kubwa, na jipu kadhaa pia. Rele ya volti 12 ukiitia pale, sumaku yake inaungua. Na wale wanaochukua volti 12 kwa redio kutoka batri moja kati ya mbili wanamaliza ile moja na kuharibu nyingine kwa kuijaza kupita kiasi. Batri inayojazwa kupita kiasi inatoa gazi la idrojeni, ambalo likifika sehemu 4 kwa mia katika hewa linalipuka kwa cheche moja. Asidi inaruka machoni. Kama imefika machoni, maji, maji mengi safi, hapo hapo, dakika ishirini, jicho limefunguliwa kwa vidole, ndipo mje kwetu. Msije kwanza.

Na moto wa ngozi? Niseme kwa kifupi, kwa maana nimekwisha kusema mara nyingi. Ondoa pete na saa kabla ya kuvimba. Maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Si mafuta ya mota, si dawa ya meno, si yai. Nguo iliyoshikamana na kidonda usiivute. Na aliyevuta moshi wa waya asiende nyumbani kulala hata kama anajisikia vizuri: plastiki nyingi za waya zikiungua zinatoa gazi la asidi linalouma mapafu, na kikohozi kinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Yule baba alikohoa siku mbili, naye alikuwa amefungua mlango.

Moto ukianza chini ya kapo, msifungue kapo yote. Mnaupa hewa. Iacheni imefungwa, tieni poda ya kizimamoto kwa mwanya. Na kila jipu linaloshuka karieri lingepashwa kuwa na kikata-batri ambacho shofere anakifikia kwa mkono. Masini kubwa zinazo. Jipu lile halikuwa nacho.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka komite ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi, na wajumbe wenu wanakaa humo. Kila mara mnawapa habari za mishahara na nyumba, na ni haki yenu. Safari hii wapeni pia habari ya mfuko wa magazini. Niliomba garaji kipande cha waya wa jipu lile, urefu wa kiganja, shaba tupu yenye plastiki iliyoyeyuka upande mmoja. Ninacho katika chupa, dispanseri, karibu na kizani cha watoto. Mkutano ujao nitakiweka juu ya meza pamoja na karatasi ya magazini iliyoandikwa: taa mbili.